Heri Apakaye Dari

Waswahili tumeusifu mnazi, tumelisifu jahazi, tumeisifu tambuu, na hakuna mvaa kanga aliyekosa ubeti wake. Kupaka rangi dari hakujapata hata mshairi wa kukodi. Dhuluma hiyo leo naikomesha.

Nianze na afya, maana ndiyo inayouzwa ghali. Mjini watu wanalipia jimu ili wakainue vyuma. Mwenye dari ananunua rola na ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji, na kabla hajafika nusu ya sebule mabega yanawaka moto, shingo imekakamaa, na akiitwa na jirani anageuka mwili mzima kama mheshimiwa anayekagua gwaride. Urembo nao ni bure. Tone la kwanza halianguki sakafuni, kulikotandikwa maboksi kwa heshima zote. Linateremka taratibu kwenye mpini wa rola, linavuka kifundo cha mkono, linapumzika kidogo kiwikoni, kisha linaingia kwapani. La pili lina shabaha zaidi: linangoja ufungue mdomo kumkataza mtoto asitikise ngazi.

Wanaoidharau kazi hii wajue wanamdharau nani. Michelangelo alikuwa mchonga mawe, ana shughuli zake, Papa Julius II akamtwisha dari ya kanisa la Sistine kule Vatican. Alianza mwaka 1508, akamaliza 1512. Watu hupenda kusimulia kwamba alipaka akiwa amelala chali. Angepata wapi raha hiyo! Alisimama juu ya jukwaa, kichwa kakitupa nyuma, mkono juu. Akamwandikia rafiki yake shairi la kulalama kwamba tumbo limempanda hadi kidevuni, rangi inamdondokea usoni, na tena yeye si mchoraji. Maneno hayo hayo husikika Tabata na Kimara kila Jumamosi ifikapo saa tisa alasiri, ila kwetu hayana vina.

Wazee wa Lamu na Unguja walikuwa wajanja. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kwa hiyo hata aliyeshika brashi aliuona mwisho wake. Sisi wa silingbodi tumejitakia sebule za kuchezea mpira.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ni kwamba kazi hii inaleta watu pamoja. Ukiwa juu ya ngazi, rangi nyeupe mbichi juu ya nyeupe ya zamani huioni. Yote inang'aa sawasawa. Aliyeketi chini karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavu, anaona kila kitu. Hapo ndipo shemeji, ambaye hajawahi kupaka hata kiatu chake, anapogeuka kuwa mkandarasi. "Hapo umeruka." "Wapi?" "Hapo, karibu na pangaboi." Unarudi, unapaka palipokwisha kuanza kukauka, na sasa pameota kiraka. Shemeji anakiona nacho.

Lipo pia doa, lile la bati lililovuja masika. Sijaona kiumbe mwaminifu kuliko doa la dari. Unalipaka, linatoweka, unashangilia. Rangi ikikauka linachungulia tena, la njano, ukingo wake wa kahawia umepindapinda, wala halina kinyongo. Unalipaka tena, nalo linarudi tena, kwa sababu maji ya rangi yenyewe ndiyo yanayoliyeyusha na kulivuta juu. Dawa yake ni kuziba bati kwanza, kisha doa lipigwe praima ya mafuta ndipo rangi ifuate. Muuza duka analijua hilo vizuri sana. Atakuambia ukirudi kununua ndoo ya pili.

Na wageni je? Yule aliyekuja kwa siku mbili tatu, na sasa anajua hata siku ya kulipa bili ya maji, anaamka anakuta makochi yamerundikwa katikati, yamefunikwa turubai, na vumbi la msasa limetua kwenye chai yake. Wahenga walisema siku ya tatu apewe jembe. Mjini jembe halina shamba, mpe rola. Kabla ya adhuhuri atakuwa amekumbuka harusi kwao.

Mafundi huanza na dari ndipo washuke kwenye kuta, kwa kuwa matone hayajui kupanda. Mimi nilipanga kuishia kwenye dari. Ila dari ikishakuwa nyeupe, kuta zilizokuwa safi jana zinaanza kuonyesha alama za vidole, mafuta ya vichwa nyuma ya kochi, na mstari wa baiskeli ya mtoto. Mama watoto ameshaliona hilo. Ameondoka kwenda kuchagua rangi, na ameacha agizo kwamba ngazi ya watu isirudishwe kwanza.