Mgodi Wetu wa Tabata

Nchi hii haina uhaba wa wachimbaji. Geita wanachimba dhahabu, Mererani tanzanite, Mwadui almasi, Kiwira makaa ya mawe. Tabata nachimba mimi. Sina sururu wala tochi ya kichwani, na kifusi pekee kilichowahi kuniangukia ni makopo ya rangi yaliyokuwa juu ya kabati. Mgodi wangu uko stoo, kati ya gunia la mkaa na baiskeli ya mtoto isiyo na gurudumu la nyuma. Kinachochimbwa humo hakijawahi kuonwa kwa macho na mtu yeyote wa nyumba hii, na mke wangu huwaeleza wageni hivyo kabla hata hawajapewa kiti.

Mashine yenyewe inaitwa Antminer S9. Ni boksi la alumini lenye urefu wa sentimita 35, feni moja mbele, nyingine nyuma, na chipu 189 katikati. Kazi yake ni moja tu: kubahatisha namba. Inachukua muhtasari wa miamala ya Bitcoin inayosubiri kuandikwa, inaupachika namba, inavipitisha vyote kwenye kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, kisha inatazama jibu. Jibu likizidi kiwango kilichowekwa, inalitupa na kujaribu namba nyingine. Hufanya hivyo mara trilioni 13.5 kwa sekunde, usiku na mchana. Haifungui picha, haipokei simu, haionyeshi tamthilia. Mke wangu, Mama Nasra, alipotajiwa bei yake aliuliza, kwa haki kabisa, "Na redio je, ina?" Haina.

Mambo hayakuanza hivi. Tarehe 3 Januari 2009, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walipowasha mtandao wa Bitcoin, kompyuta yoyote ya mezani iliweza kuchimba. Mwaka uliofuata Laszlo Hanyecz, yule yule aliyelipa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili, akaonyesha kuwa kadi za picha za kuchezea michezo ya kompyuta zinachimba haraka zaidi. Mwaka 2013 zikaingia mashine za ASIC, zenye chipu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na si nyingine, na mwenye kompyuta ya kawaida akabaki mtazamaji. S9 ilitoka mwaka 2016 ikatawala kwa miaka kadhaa, mpaka wadogo zake walipokuja kuipiku. S21, iliyotangazwa mwaka 2023, inabahatisha mara trilioni 200 kwa sekunde. China nayo, iliyokuwa kitovu cha shughuli hii, ikaipiga marufuku mwaka 2021. Mashine za zamani zikawa za bei ya kutupa, na mojawapo ikaingia Kariakoo ndani ya kontena la rafiki yangu, imefungwa pamoja na taa za harusi.

S9 inanguruma kwa desibeli 75 hivi, na stoo yetu ina dirisha la nondo lisilo na kioo, linalotazama uchochoro. Mtaa ulisikiliza kimya kimya, ukatoa hukumu yake. Asubuhi moja mtoto wa jirani akasimama mlangoni na ndoo ya mahindi kichwani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Vipi, mwanangu?"

"Mama kasema ukoboe kwanza, ndipo usage."

Nikamwambia hapa hatusagi. Akatega sikio upande wa stoo, akanitazama kwa huruma.

"Sasa hiyo inayosagwa ni ya nani?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba inasaga miamala ya watu nisiowajua, walioko nchi nisizowahi kufika. Nikaona nisimchanganye mtoto mwenye mzigo. Jioni mama yake akamwambia mke wangu kwamba hakutegemea tungekuwa na maringo ya kusagia watu wa mbali tu. Mjumbe wa shina naye akaja, kwa upole, kuuliza kama kiwanda kina leseni. Nikamwingiza stoo ajionee. Akaizunguka mashine, akachungulia feni ya mbele, akachungulia ya nyuma, akauliza, "Unga unatokea wapi?"

Aliyeielewa haraka kuliko wote ni mjomba wangu, mchimbaji mdogo wa Chunya, aliyekuja mjini kutibiwa macho. Alivuta kigoda akakaa mbele ya mashine kwa heshima ya mtu wa fani.

"Sasa mjomba, mwamba uko wapi?"

"Hakuna mwamba, mjomba. Ni hesabu tupu."

"Karasha?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Na mko wangapi kwenye duara?"

Alikuwa amegusa penyewe. Nikamweleza kwamba bloku moja, yaani fungu la miamala lililopatiwa jibu linalokubalika, hupatikana kila baada ya dakika 10, kwa wastani, na anayeipata huzawadiwa Bitcoin 3.125. Zawadi hiyo ilianza kwa Bitcoin 50 mwaka 2009, nayo hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2024. Katikati ya mwaka huo nguvu ya mtandao mzima ilikuwa mara milioni 44 hivi ya mashine yangu. Nikichimba peke yangu, ushindani ukibaki hapo hapo, zamu yangu inafika mara moja katika miaka 845. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Laiti angeiacha S9 pale Kilwa Kisiwani, sultani mwenyewe akailinda na umeme usikatike hata siku moja, hadi leo tungekuwa bado tunaambiwa tuvute subira.

Kwa sababu hiyo wachimbaji hujiunga katika makundi. Kila mashine inaleta nguvu yake, na kundi likipata bloku, zawadi hugawanywa kwa kadiri ya kazi. Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Chunya nako ni hivyo hivyo: mwenye duara ana fungu lake, wachimbaji lao, na mifuko ya mawe inagawanywa pale pale mdomoni mwa shimo kabla mtu hajaondoka.

"Sisi tunagawana mawe," akasema. "Nyie mnagawana nini?"

Nikamfungulia simu nimwonyeshe pato la siku: satoshi elfu moja na ushei, na satoshi milioni 100 ndizo zinazofanya Bitcoin moja. Mjomba akaisogeza simu karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha tena. "Hii, mjomba, si macho yangu. Hii hata daktari haoni."

Mama Nasra alikuwa na kipimo kingine. Yeye ni mweka hazina wa kikoba, na mweka hazina wa kikoba halewi maneno. Alifungua daftari, akagawa ukurasa katikati. S9 inakula wati 1,350 hivi. Kwa saa 24 ni uniti 32.4. Uniti 75, ambazo nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo hupewa kwa bei nafuu zitoshe mwezi, mashine hii inazimaliza kabla ya siku tatu kwisha. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, shilingi 356 hivi kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni zaidi ya shilingi 11,500 kwa siku. Upande wa pili wa ukurasa, Bitcoin ikiwa dola 60,000, satoshi zangu za siku ni karibu shilingi 1,600. Akapiga mstari kwa rula.

"Kwa hiyo, Baba Nasra, kila siku unanunua shilingi 1,600 kwa shilingi 11,500."

Nikamwambia kuna siku bei itapanda.

"Kama unaamini itapanda, si uinunue hiyo Bitcoin yenyewe kwa hizo 11,500? Utapata mara saba, na mimi nitalala."

Ni hoja kamili, isiyo na tundu. Ila ni hoja ya mfanyabiashara, na mimi sikuileta mashine hii kama mfanyabiashara. Shabiki wa Simba au Yanga haulizwi tiketi zake za uwanjani zimemletea gawio gani mwisho wa msimu. Mpenzi wa mashine ndiye anayewekewa daftari.

Na daftari hilo halijaisha, maana serikali nayo imo. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo mali yangu haitambuliki, ila inatozeka. Asilimia 3 ya pato langu la siku ni shilingi 48. Niko radhi kuchangia ujenzi wa taifa, lakini hapo taifa halipati hata pipi moja.

Umeme wenyewe una vituko vyake. Kifaa cha kulishia mashine kinataka kati ya volti 200 na 240. Saa moja jioni, kila nyumba ikiwa imewasha televisheni na fundi wa mageti anamalizia kuchomelea, volti zinashuka na mashine inazimika. Ikiwaka upya, feni huanza kwa kasi ya mwisho kabla programu haijazituliza. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea akalazwa chumba kinachopakana na stoo, alikuwa kwenye rakaa ya mwisho ya Isha feni zilipopasua kimya. Sala hakuikata, lakini kesho yake alikumbuka kwamba kuku wake Mkuranga hawana mtu wa kuwaangalia. Umeme ukikatika usiku na kurudi saa tisa, mitaa mingine watu huamka kujaribu swichi. Mtaa wetu hauna haja hiyo. Watu hugeukia ubavu wa pili na kusema, "Umerudi." Jirani mmoja hunitumia ujumbe wa shukrani, kwa kuwa ndipo anapoamka kuchaji simu.

Halafu kuna joto. Wati 1,350 zote zinazoingia kwenye mashine hutoka zikiwa joto. Kule Siberia na Kanada wapo wanaozitumia kupasha nyumba, wakasifiwa kwa ubunifu. Dar es Salaam mwezi Januari hakuna anayekusifu kwa kuongeza joto. Mafuta ya nazi stoo yalisahau kuganda, na mjusi aliyekuwa akiishi nyuma ya kabati alihama bila kuaga.

Ikaingia masika. Kamba zote za mtaa zikawa na nguo za tangu juzi, na sare za shule zikaanza kunuka uvundo. Mama Nasra, bila kuniuliza, akafunga kamba stoo mbele ya feni ya kutolea hewa. Soksi zikakauka kabla chai haijachemka. Jirani wa mahindi akaona watoto wetu wanakwenda shule na sare kavu, mvua ikimwagika, akaja na beseni. Nyuma yake akaja mwingine. Mama Nasra akapanga bei: shilingi 500 kwa beseni. Jioni alikuwa na shilingi 2,000, fedha inayoonekana na kushikika, akaiandika kwenye safu ya mapato juu ya Bitcoin. Mjumbe wa shina alileta suruali zake mwenyewe, na suala la leseni halikutajwa tena.

Pamoja na hayo, mashine hizi si za kuchekwa popote zilipo. Zinachekesha kwa kuwa ziko Tabata. Huko mashariki ya Congo, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro, wakati korona na vita vilipokuwa vimefukuza watalii na mapato yao. Umeme ulikuwapo kabla ya wateja wa kuutumia, na mashine zilizopangwa ndani ya makontena zikawa mteja wa kwanza. Kenya, kampuni ya Gridless inafanya kazi na mitambo midogo ya umeme vijijini: mashine hununua umeme unaobaki, wanakijiji wakiuhitaji mashine zinapunguziwa. Kule zinakula umeme ambao ungepotea. Kwangu zinakula umeme ambao ungepika wali.

Nasi wapenzi tumefikiriwa. Kuna kifaa kiitwacho Bitaxe, ambacho michoro yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kukiunda. Kina chipu moja ya ASIC, kinakaa juu ya meza, kinakula wati 15 hivi. Kwa bei ile ile ya LUKU, hiyo ni shilingi 130 kwa siku. Nafasi ya kupata bloku ni ndogo kuliko hata ya Ibn Battuta, lakini jirani hatakuletea mahindi. Mama Nasra amekikubali kwa sharti kwamba S9 isiuzwe. Ana wateja wa masika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishikwa na tamaa ya kuchimba, usianze kuuliza bei ya mashine. Anza na umeme: unatoka wapi, na nani anaulipa. Kama una maporomoko ya maji nyuma ya nyumba na hakuna anayeyatumia, kaa tuzungumze biashara. Kama ni wa LUKU, jua unanunua starehe, uilipie kama starehe: usikope, usiuze kiwanja, na usimwahidi mtu gari.