Mzee, Toa Maoni Yako

Kwa miaka mingi, kesi ya mauaji katika Mahakama Kuu, iwe Mbeya au Iringa, haikuendeshwa bila wazee wa baraza, wawili au zaidi. Kuitwa mzee hakukuhitaji mvi: sheria iliwataka watu wa miaka 21 hadi 60.

Kazi yenyewe? Kusikiliza mashahidi, kupewa muhtasari na jaji, kisha kila mmoja kusimama na kutamka: ana hatia au hana. Jaji huyaandika maoni yote kwa heshima, halafu sheria inamruhusu asiyafuate. Ni kama mjomba kwenye kikao cha mahari: hakianzi bila yeye, ila bei wameshapanga wengine.

Lakini mzee asidharauliwe. Maoni yake hayamfungi mtu, ila swali lake hubomoa kesi. Akijisahau akambana shahidi kama wakili, Mahakama ya Rufani yaweza kufuta mwenendo mzima, na hukumu iende na maji.

Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa: sasa jaji ndiye anayeamua kama anawahitaji. Laiti wangeombwa maoni hata kwa hilo. Si lazima yafuatwe.