Namna ya Kumwaga Kimombo cha Jana Bila Kukamatwa

Unataka watu waamini Kiingereza unakitafuna. Ni haki yako. Tatizo ni habari za jana, maana huko ndiko wengi wanakoumbuka. Fuata njia hizi za mkato.

1. Bandika "-ed" na usonge mbele. Vitenzi vingi vinaikubali, na vinavyozaliwa leo ndiyo kabisa: "texted", "googled". Chunga ulimi tu. "Walked" ni silabi moja, inaishia na sauti ya t. "Played" inaishia na d. Silabi ya ziada ni ya vitenzi vinavyoishia na t au d, kama "wanted" na "needed". Ukitamka "walked" kama "wo-ked", umejianika.

2. Fanya urafiki na vitenzi vivivu: "cut", "put", "hit", "shut", "cost", "hurt". Jana na leo ni vilevile. Kwa "he" na "she" acha ile s ya mwisho, nayo habari imeshakuwa ya jana.

3. Kimbilia "did". Hii ndiyo silaha yangu kuu. Ukikanusha au ukiuliza, isipokuwa kwa "be", "did" inabeba wakati uliopita peke yake na kitenzi hakiguswi. Hukumbuki "teach" inageuka nini? Sema "I did not teach." Umebanwa kuhusu "catch"? Geuza kibao, uulize wewe: "Did you catch it?" Mazoea ya zamani nayo yana "used to": "I used to swim", na hakuna atakayejua kwamba "swam" imekupiga chenga. Ila ukishaweka "did", mikono mbali na kitenzi! "I didn't went" inamuumbua mtu Nairobi sawa na Dodoma.

4. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa pana ukuta. Vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza vyote ni vikaidi, yaani havifuati kanuni ya "-ed": "be", "have", "do", "say", "make", "go", "take", "come", "see", "get". Vinasemwa kila saa, mtoto anavishika kabla hajaijua kanuni, kwa hiyo haviachi ukaidi. Vinavyosemwa mara chache husahaulika, vikaangukia "-ed"; hata "help" zamani ilikuwa "holp". Mwaka 2007 jarida la Nature lilichapisha hesabu ya vitenzi vikaidi 177 vya Kiingereza cha kale, na vilivyobaki na ukaidi wake leo ni 98. Usikae ukingoja "went" iwe "goed". Utazeeka.

Basi vikariri hivyo kumi: "was" na "were", "had", "did", "said", "made", "went", "took", "came", "saw", "got". Vitamke kwa sauti usiku huu, kabla hujazima taa. Kesho mtu akikuuliza jana ulikuwa wapi, mjibu bila kukwepa.