Kichwa cha Pili cha Cherehani ya Mama

Cherehani ya nyumbani kwetu Kibuli, Kampala, ina miguu yake, meza yake na kichwa chake, na kila kimoja kiliingia kwa siku yake. Miguu ya chuma, yenye jina la Singer ubavuni na kanyagio pana chini, mama mkwe aliikuta kwa shangazi yake. Meza ya mvule alichongewa na seremala. Kichwa alikinunua mwaka 1983 kwa fundi aliyekuwa anahama mjini, na ni Singer 15K halisi, cha kile kiwanda cha Clydebank kule Scotland ambacho wakati huo kilikuwa kimeshafungwa miaka mitatu. Mama hakulijua hilo wala halikumsumbua. Kiwanda kimekufa, lakini mfano wake umenakiliwa China na India, hata leo bobini na sindano zake unazipata katika duka lolote la vifaa vya ushonaji Kampala.

Kwa kichwa hicho alisomesha watoto watano. Amekwisha kushona gomesi zisizo na idadi, zile za mabega yaliyochongoka na vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi wa kufunga chini ya kiuno, ambazo moja tu yaweza kula mita sita za kitambaa. Mimi nilikuja kuolewa hapa kutoka Tanga nikijua kukata suruali na kanzu. Gomesi nimefundishwa na yeye, nikiwa nimekaa kwenye kibao karibu na kanyagio, nikitazama miguu yake. Waganda huiita cherehani kyalaani, na siku ya kwanza niliposikia neno hilo mdomoni mwake nilijiona sijafika mbali na kwetu.

Kichwa cha 15K hushona mshono mmoja tu, ulionyooka. Kwa gomesi na mashati ya shule hakuna zaidi unachohitaji. Lakini Januari, wakati wazazi wanahangaika na sare kabla muhula haujafunguliwa, wanakuja na mengine: sweta lililofumuka kwapani, fulana ya michezo, sketi inayotaka matundu ya vifungo. Kitambaa kinachovutika ukikishona kwa mshono ulionyooka, mtoto akinyoosha mkono uzi unakatika. Mwaka jana nilianza kuandika kwenye daftari kila kazi niliyoikataa. Kufikia mwisho wa Februari zilikuwa kumi na nne, na kumi na mbili kati yake zilitaka zigizaga, mshono wa kwenda upande huu na upande huu.

Zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa wa akina mama wa mtaa ikafika, nikapokea shilingi 450,000. Cherehani nzima ya pili haitoshei katika chumba chetu cha mbele, wala pesa hiyo isingeifikia na bado tukabakiwa na ya kitambaa. Lakini kichwa cha cherehani za zamani hukaa mezani kwa pini mbili nyuma na skrubu mbili ndogo za kuzibana. Unalegeza skrubu, unavua mkanda, unakiinua kichwa na kuweka kingine palepale. Nikasema tutanunua kichwa cha pili, meza ibaki moja.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mama alitaka kichwa kipya cha Butterfly kutoka Shanghai, kwa sababu ni ndugu wa 15K kwa kila kitu: bobini ileile, sindano ileile, uzi unapita kulia kwenda kushoto vilevile. "Hiki kikiumwa, kile kinafanya kazi," alisema, na ni hoja ya mtu aliyewahi kukosa mkate kwa sababu ya skrubu moja. Mimi nilitaka cha zigizaga cha mitumba, kile cha Kijapani cha chuma kizito ambacho bado kina mfereji wa mkanda kwenye gurudumu. Mume wangu, Baba Zuhura, alitaka cha kiwandani. Alikuwa amewaona mafundi wa Kiyembe wakishona kwa mashine za mota, akapenda mwendo wake. Cherehani ya aina hiyo yaweza kupiga mishono 5,000 kwa dakika.

"Mama Zuhura," akaniambia, "ukiwa na mwendo ule, sare za mwezi unazimaliza kwa wiki."

Nilimjibu kwamba kazi ninazokataa hazikataliwi kwa uchelewaji. Hatukuelewana, tukalala.

Jumanne alikwenda mjini kununua mkanda wa ngozi. Saa kumi jioni bodaboda ikasimama mlangoni, yeye nyuma amekumbatia mzigo uliofungwa gunia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kichwa cha kiwandani, karibu kilo 30, shilingi 320,000, kutoka kwa muuzaji mmoja karibu na soko la Owino. Meza hakupewa, mota hakupewa, wala beseni la mafuta. Aliambiwa ni bahati kukipata kwa bei ile. Sikumgombeza mbele ya mtu wa bodaboda. Nilimsaidia kukishusha.

Mama alivaa miwani yake akainama. Hakutazama rangi wala jina. Alichomoa sindano, akaizungusha kati ya vidole viwili, akaniwekea kiganjani.

"Haina upande bapa," akasema. "Hii si ya familia yetu."

Kweli. Sindano za cherehani za nyumbani zina shina lililochongwa upande mmoja, ndilo linalokuongoza kuiingiza sawasawa. Ile shina lake ni la mviringo mtupu. Pakiti zote tulizokuwa nazo kwenye droo, hata moja isingeingia humo. Tukapima na kitako chake. Tundu la meza yetu ni la kichwa cha kawaida cha nyumbani, kama sentimita 37 kwa 18. Kichwa kile kilikuwa na karibu 48.

Hapo ndipo tungefunga gunia na kulirudisha asubuhi. Ningeomba hivyo kwa sauti zaidi ningejua kitakachofuata. Usiku nilipokuwa naswali isha nikasikia msumeno. Nilipotoka sebuleni Baba Zuhura alikuwa ameshakata upande wa kushoto wa meza ya mama yake, sentimita kumi na moja, na vumbi la mvule lilikuwa limetanda juu ya kanyagio kama unga wa mahindi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na shuka begani. Hakusema kitu. Alirudi chumbani, na kimya kile kilimuumiza mwanawe kuliko maneno yoyote, nilimwona.

Kichwa kikaingia. Mkanda wetu wa ngozi ni wa duara, na gurudumu la kiwandani lina mfereji wenye umbo la V unaotaka mkanda wa umbo hilo, kwa hiyo ulikuwa unateleza. Ulipokamata, kanyagio lilikuwa zito hata mimi nikawa natokwa na jasho kwa pindo moja. Na mafuta ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Vichwa hivyo havitiwi tone kwa tone kwenye vitundu kama 15K. Vina pampu ndogo chini, inayonyonya mafuta kutoka beseni na kuyarusha juu, na hiyo hufanya kazi pale tu mashine inapokwenda mbio. Kwa mwendo wa miguu ya mwanadamu mafuta hayapandi. Chuma kinasagana kikavu huku mafuta yamejaa chini yake.

Beseni hatukuwa nalo. Baba Zuhura alichukua sinia la alumini, akalijaza mafuta ya cherehani, akalitundika chini ya meza kwa waya. Mshono wa tatu, waya ukalegea. Chini palikuwa na kapu lenye mashati kumi na mawili meupe ya shule, yamekwisha kukatwa, mikono imebanwa na pini, na mwenyewe anayafuata Ijumaa.

Tulikesha wawili, mimi na mume wangu. Tulinyunyiza unga wa sembe juu ya kila doa tukauacha unywe mafuta, tukaukung'uta, tukanyunyiza tena, kisha sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya moto. Mashati tisa yalipona. Matatu nilikwenda kununua kitambaa kingine alfajiri nikayakata upya. Ijumaa yalikuwa tayari, yameshonwa kwa 15K iliyowekwa juu ya mbao mbili zilizoziba pengo, inayumba kama mashua.

Jumamosi Baba Zuhura aliibeba meza kichwani mwenyewe hadi stendi ya teksi, akaipeleka Ndeeba kwenye maseremala. Alikataa kiraka cha mbao nyingine. Alizunguka mpaka akapata kipande cha mvule cha rangi inayofanana. Kilichongwa, kikagundishwa na kupigwa msasa kwa shilingi 45,000. Aliporudi alipiga magoti mbele ya mama yake, kama wafanyavyo watoto wa hapa, akaomba radhi. Mama aliupitisha mkono juu ya kiungo. "Kipo," akasema, maana yake kidole chake bado kilikuwa kinakiona. Kisha akaagiza chai.

Muuzaji alikataa kukirudisha kichwa. Nilisubiri zamu nyingine ya mchezo, nikaongezea ya gomesi mbili za kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba. Safari hii nilikwenda mimi, na mkobani nilikuwa na kipande cha boksi nilichokikata sawasawa na tundu la meza, na pini mbili nimezichora mahali pake. Nilikuwa pia na bobini yetu moja, sindano yetu moja na mkanda wetu. Vichwa viwili vya kwanza vilikuwa vizuri kwa macho: kimoja hakikulingana na boksi, cha pili gurudumu lake halikuwa na mfereji, kimetengenezwa kwa mota tu. Cha tatu kililala juu ya boksi langu bila kubaki nafasi. Bobini ikaingia. Sindano ikaingia, ila upande wake bapa unatazama nyuma, si kushoto kama wetu, na uzi unapita mbele kwenda nyuma. Niliomba kitambaa cha fulana nikashona zigizaga kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, polepole, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Uzi haukukatika. Nikalipa 260,000.

Sasa Jumatatu hadi Alhamisi 15K iko mezani, Ijumaa tunaweka cha zigizaga kwa masweta na matundu ya vifungo. Kuvibadilisha hakuchukui dakika kumi, na anayevibadilisha ni Baba Zuhura, kwa hiari yake. Mama amechora kwa chaki ndani ya droo mshale mmoja kuelekea kushoto na mwingine kuelekea nyuma, ili mimi au binti yetu Zuhura tusije tukavunja sindano kwa kusahau. Daftari la kazi zilizokataliwa lina ukurasa mmoja tangu Mei, nao haujajaa.

Kichwa cha kiwandani tumekipangusa, tumekifunga gunia lake, kipo chini ya ngazi. Hakina kosa lolote. Kinataka meza yake, beseni lake na mota yake. Tunakiuza 250,000, na atakayekuja kukitazama, tafadhali, aje na vipimo vya meza yake.