Usukani Wenye Mdomo

Miaka 22 nimeendesha gari Lubumbashi, kwenye vumbi la Agosti na mvua ya Januari, na sijawahi kuvunja kitu zaidi ya kioo kimoja cha pembeni, nacho kilikuwa changu. Kisha mpwa wangu akaniletea usukani wa plastiki. Ndani ya dakika mbili nilikuwa nimevunja bilauri moja, sahani nne na heshima niliyokuwa nimeijenga kwa mama mkwe tangu siku ya mahari.

Mama mkwe alikuwa amefika siku hiyohiyo kutoka Likasi. Ni kilomita 120 tu, lakini yeye huja kama anayehama: uyoga wa Desemba kwenye beseni, mfuko wa mihogo, na kuku hai anayeingia ndani kabla ya mwenyewe hajapiga hodi. Alikuwa amekaa mezani anasubiri bukari, ugali wetu. Mpwa wangu naye akaingia na boksi.

Huyu kijana anasoma Polytechnique pale Chuo Kikuu. Anajua kila kitu kuhusu mota isipokuwa bei ya petroli. Usukani aliuziwa na rafiki aliyekuwa anasafiri: una pedali tatu, nyaya kama matumbo ya mbuzi, na vibano viwili vya kuushikiza kwenye meza. Nyumbani kwetu tuna meza moja, na sahani zilikuwa zimeshapangwa juu yake.

"Tonton, leo tunaenda Kenya," akasema.

Nikaenda kutafuta viatu. Kwetu Kenya ni komine, si nchi. Ndiko kwenye soko kubwa na ndiko aliko fundi wangu wa gari. Kumbe kijana alikuwa na Kenya nyingine, ile ya Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, magari yakakata Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye tope ambalo sisi wa Katanga tungelitambua kwa jina. Baada ya 2002 yalitoka kwenye ubingwa wa dunia, yakarudi 2021 pale Naivasha. Lakini mchezo wa kompyuta wa WRC 9 ulikuwa umeshayaingiza 2020, kwa hiyo vijana wa sebuleni waliwahi kupindukia mitaroni kule kabla ya mabingwa wenyewe kufika.

Nilikaa kwa dharau. Mtu anayejua kupita mjini saa kumi na moja jioni, siku ya mvua, hawezi kutishwa na kitu kinachobanwa mezani kama mashine ya kusagia nyama.

Kosa la kwanza lilikuwa la mkono wa kushoto. Gari langu lilizaliwa Japani, likashuka Dar es Salaam, likapanda Zambia, likaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Usukani wake uko kulia, nasi huku tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo miaka yote mimi niko karibu na mtaro na abiria ndiye ananichungulia mbele kama naweza kumpita mwenye lori. Gia ni ya mkono wa kushoto. Taa ilipowaka kijani, mkono ukaenda kwenye gia kama ulivyozoea. Gia haikuwepo. Iliyokuwepo ni bilauri ya mama mkwe, nami nikaiingiza namba moja.

Hakuna aliyesema neno. Maji yalikuwa yanashuka polepole kuelekea kitenge chake, na gari kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa limeshaondoka.

Hapo ndipo usukani ulipofungua mdomo. Sikuwa nimetegemea hivyo. Nilidhani utanitetemekea kama simu mfukoni. Badala yake, gurudumu la kushoto lilipopanda jiwe, ule usukani ulinivuta viganja kama mtoto anayetaka kwenda upande mwingine sokoni. Nikaurudisha. Ukavuta. Nikavuta zaidi, nikiegemea nyuma kwa mwili wote, na kwa kuwa ulikuwa umebanwa kwenye meza, na meza yetu ina mguu mmoja mfupi tunaouwekea katoni, meza ikanifuata. Sahani zikaifuata meza. Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria ya bukari mikononi. Aligeuka nayo akarudi jikoni, kama mtu aliyekosea nyumba.

Naomba nijitetee kwa hesabu. Mpwa wangu alinieleza, huku tunaokota vigae, kwamba usukani wa bei ya chini kama wake una mota inayozungusha kwa nguvu ya nyutoni-mita kama 2 hivi. Kwa lugha ya jikoni, ni kama kuning'iniza kilo moja na nusu ya unga kwenye ukingo wake. Si nyingi. Ipo mitambo mingine, ya watu wenye pesa, ambayo usukani umekaa moja kwa moja juu ya mhimili wa mota, bila meno wala mkanda katikati. Mikubwa yao hufika nyutoni-mita 20 na kupita, yaani kama kilo 15 za unga, na hiyo inaweza kumtegua mtu dole gumba. Mimi nilishindwa na kilo moja na nusu. Sahani, kwa haki, nilizivunja mwenyewe.

Kinachofanya ule mvuto ufanane na wa kweli ni kwamba haukubuniwa hovyo. Tairi la mbele likikata kona, barabara hulisukuma lirudi kunyooka. Ndiyo maana ukilegeza mikono baada ya kona usukani hujirudia wenyewe. Programu inakokotoa msukumo huo mamia ya mara kwa sekunde moja na kuutuma kwenye mota. Tairi linapokaribia kushindwa kushika njia, msukumo hupungua, na usukani unakuwa mwepesi mikononi kabla gari halijaanza kuteleza. Ni onyo la nusu sekunde. Nililisikia wazi kabisa, nikasema "Ah, umekuwa mlaini, vizuri," na nusu sekunde ilipoisha nilikuwa ndani ya mtaro.

Kuna kichekesho kingine. Ukiongeza nguvu kupita uwezo wa mota, husikii zaidi, unasikia pungufu. Ni kama mhubiri mwenye spika mbovu: akisema taratibu unamwelewa, akipaza sauti, Mwanzo na Ufunuo vyote vinatoka mngurumo mmoja. Mimi, kwa kiburi, nilimwambia kijana aupandishe mpaka mwisho.

Baada ya jioni mbili nikatoa hukumu yangu, nikiwa nimekunja miguu kama mzee wa baraza. Nikasema kitu hiki ni kizuri lakini si cha kweli. Kwanza, dereva haendeshi kwa mikono peke yake, anaendesha kwa makalio. Gari likianza kuteleza nyuma, anayejua wa kwanza ni kiti. Sebuleni kiti hakijui lolote, kwa hiyo watengenezaji wanaubebesha usukani habari ambazo zingepaswa kupita nyuma, mikono inalipa deni la makalio, na ndiyo maana unapiga kelele kuliko usukani wa gari lolote. Mpwa wangu alikubali, hata akaongeza kwamba kwenye gari halisi ile pampu ya kulainisha usukani huchuja mitikisiko mingi kabla haijakufikia.

"Pili," nikasema, "usukani wa kweli una kuchezacheza kidogo. Unazungusha hivi," nikamwonyesha karibu robo ya mzunguko, "ndipo gari linaanza kufikiri. Huu wako ukiugusa tu, gari linaruka. Tatu, kwenye njia iliyonyooka gari la kweli linavuta kushoto, unalishikilia. Hili lako linakwenda tu."

Kijana alinyamaza. Kwa jioni mbili alikuwa ameona kila njia iliyonyooka nikiimalizia vichakani, upande wa kulia, bila kukosea hata mara moja.

"Tonton," akasema kwa adabu ambayo sikuipenda, "motokari yako iko navuta kushoto?"

"Kila gari lina tabia yake."

"Na volan iko nachezacheza robo?"

Nikamwambia aangalie masomo yake.

Nilikuwa bado nampinga, nimesharudi kwenye usukani, katikati ya kona, umeme ulipokatika. Na hapa naomba niandike jambo ambalo wachezaji wa nchi zenye umeme wa daima hawawezi kulijua. Gari la kweli likizimika kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, kwa sababu pampu imelala. Huu wa mezani hufanya kinyume: ukawa uji. Kompyuta ilikuwa na betri, kwa hiyo gari liliendelea na safari yake ya Naivasha likiwa peke yake, mimi nikizungusha hewa gizani. Tukawasha mshumaa, tukala, tukalala. Kompyuta tuliiacha mezani, macho wazi.

Umeme ulirudi saa tano usiku. Ni saa ambayo mama mkwe huamka kusali.

Sasa, usukani wa aina hii ukipata umeme hujipima. Unajizungusha wenyewe hadi mwisho wa kushoto, hadi mwisho wa kulia, kisha unarudi katikati, ili ujue ulipo. Ni digrii 900, mizunguko miwili na nusu, kwa kasi na kwa mlio. Mama mkwe alikuwa amesimama sebuleni na tasbihi yake. Taa ikawaka kwa ghafla, na mbele yake, juu ya meza iliyomvunjia bilauri, usukani usio na gari ukazunguka wote kushoto, ukazunguka wote kulia, ukatulia ukimwangalia.

Tulimsikia akiuliza, kwa sauti ndogo, ya mtu anayetaka kweli kujibiwa:

"Ni nani eko naendesha?"

Asubuhi tulikuta usukani umefunikwa kitenge, na juu ya kitenge ile tasbihi. Mke wangu alituangalia mimi na mpwa wangu kwa zamu, nasi tukaelewa kwamba kitakaa hivyo hadi mama arudi Likasi. Kijana alijaribu kueleza habari ya kujipima. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama huko Chuo Kikuu bado wanafundisha dini.

Kwa kukosa mchezo, kijana akaomba funguo za gari langu. Alizunguka nalo mtaani mara moja tu, akarudi ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho likimtoka. Hakusema kitu. Alishuka, akalala chini ya gari na tochi, akanyoosha mkono mmoja nje akanionyesha kwa vidole: mbili.

Tukaenda Kenya, ile yetu. Fundi alishika gurudumu la mbele akalitikisa, likaitika *ko, ko, ko*, kama mlango wa choo. Rotuli mbili za usukani zilikuwa zimekwisha. Aliziweka kiganjani mwangu. Zilicheza kwenye vikombe vyake kama meno ya mzee. Magurudumu yenyewe yalikuwa yanaangalia kila moja upande wake, kama ndugu waliogombania kiwanja.

"Baba mukubwa," fundi akasema, "ulikuwa unaendesha hii namna gani?"

"Kwa uzoefu," nikajibu.

Alibadilisha, akanyoosha, nikalipa pesa ambayo mke wangu alikuwa ameihesabia sahani. Nikaingia barabarani. Gari lilikuwa jepesi, linasikia, ukiligusa linajibu, kama lile la Naivasha. Nikafurahi, nikalegeza mabega, nikaachia mikono ifanye kazi yake iliyoizoea kwa miaka.

Ikafanya. Pembeni ya njia, upande wa kulia, mama mmoja alikuwa amepanga maembe yake kwenye beseni. Aliniona nikija kwa mwendo mdogo, nimenyooka vizuri, nikimkaribia kidogo kidogo bila sababu yoyote. Hakupiga kelele. Alishika beseni kwa mkono mmoja, akalivuta nyuma hatua mbili, akaningojea nipite.