Heko kwa Tanbihi

Heko kwa tanbihi! Hakuna kilicho kidogo kuliko hiyo kwenye ukurasa, na hakuna kinachotawala zaidi. Finalisti wa Mugunga, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anayeingia mjini Goma na kazi yake ya mwisho ndani ya fleshi analijua hilo. Anaandika Kifaransa, na kila wazo aliloazima sharti liwe na namba juu na mwenyewe chini.

Karani wa kompyuta anabofya mara mbili tu: namba inajitokeza, mstari mfupi unajichora. Ukarimu ulioje! Kisha maelezo ya mistari mitatu yanasukuma aya hadi ukurasa wa pili, jedwali linakatika katikati, na yaliyomo mwanzoni mwa kitabu yanageuka uongo. Kurasa 60 zinakuwa 61, na printa hulipwa kwa ukurasa. Nani mwingine ameinua biashara ndogo hivyo bila hata kuomba asante?

Enzi yake haichezewi. Mgeni wa kazi hufuta maneno ya chini akidhani amemaliza. Namba imebaki juu, inamkodolea macho. Lazima afute namba yenyewe ndani ya sentensi, ndipo nyingine zijipange upya.

Kujipanga huko ndiko kipaji chake kikubwa, na mtego umo humo. Kompyuta inajua kuhesabu, lakini Ibidem, neno la kusema «chanzo ni kilekile cha juu», haiijui. Finalisti amemtaja mwanahistoria Isidore Ndaywel è Nziem katika tanbihi ya 14, na katika ya 15 akaandika «Ibidem». Mwalimu anaagiza kitabu kingine kiingizwe katikati. Namba zinasogea kwa utii, Ibidem inatulia mahali pake, na maneno ya Ndaywel yamekwisha kupewa mtu mwingine. Hakuna mwizi mpole kama huyo, na jopo halitamshtaki yeye.

Mugunga ina sababu nyingine ya kuisifu tanbihi, na hapa utani unapungua. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010 ilikusanya matukio 617 ya ukatili nchini Kongo, tangu Machi 1993 hadi Juni 2003. Mashambulizi ya Novemba 1996 dhidi ya kambi za wakimbizi, Mugunga ikiwemo, yamo. Rwanda iliipinga ripoti hiyo hata kabla haijachapishwa, ikatishia kuondoa askari wake wa kulinda amani Darfur. Kelele zote zilikuwa juu ya aya. Chini, kwa herufi za kuumiza macho, mashahidi wamekaa bila majina: mahojiano, Kivu ya Kaskazini, mwezi na mwaka. Anayetaka kujua kama habari ina miguu huanza kusoma huko.

Kwa hiyo, finalisti, andika jina la mwandishi na kitabu kwa ukamilifu kila mara, hata vidole vikichoka. Ibidem ziingizwe siku ya kuchapa, mwalimu akiwa ameshamaliza kusahihisha.