Heko, Kistari cha Kutoa

Katika kurahisisha hesabu za aljebra yapo mengi yasiyohitaji mtetezi. Kukusanya mitajo inayofanana ni kazi ya raha: 3x hukutana na 4x zikawa 7x, bila ugomvi. MAGAZIJUTO nayo, ule ufunguo wanaokaririshwa watoto wa shule za msingi ili waanze na mabano, wagawanye, wazidishe, wajumlishe, kisha watoe, ina wapenzi wake tele. Kilichobaki bila msemaji ni kistari cha kutoa kinachosimama mbele ya mabano, chembamba kama hakina neno, ilhali kimekula maksi za vizazi na vizazi. Mimi nakisifu.

Tazama kazi yake: 7x − (3x − 5). Mwenye haraka huitoa 3x peke yake, akaandika 4x − 5 na kuweka kalamu chini kwa furaha. Jibu ni 4x + 5. Tia 2 mahali pa x: hesabu ya awali inatoa 13, jibu sahihi linatoa 13, jibu la haraka linatoa 3. Pengo ni 10, yaani 5 mara mbili, kwa kuwa kilichostahili kurudishwa kimechukuliwa tena. Hapo pana hoja yangu yote: kistari hiki hakiadhibu ujinga, kinaadhibu kusoma nusunusu. Alama ya kujumlisha ikikaa mbele ya mabano humwacha msomaji asinzie; mabano hufutwa na hakiharibiki kitu. Namba 3 ikikaa pale hujitangaza kwamba inazidisha kila kilichomo. Kistari hakijitangazi. Kinamngoja msomaji afike bano la kufunga, na asipofika, shauri yake.

Wasemao kwamba kinawachanganya watoto bure wamtume mtoto huyohuyo dukani na noti ya shilingi 10,000, akanunue mchele wa 6,000, muuzaji ampunguzie 500. Mpe chenji ya 3,500 uone atakavyokuja juu! Atadai 4,500 yake, naye atakuwa amekwisha kurahisisha 10,000 − (6,000 − 500) bila karatasi. Akili anayo, daftarini huwa ameiacha mfukoni.

Wengine wangependa kiondolewe kabisa, na hao wana wakubwa wenzao. Francis Maseres wa Uingereza alichapisha mwaka 1758 kitabu kizima cha kulalamikia matumizi ya alama hii kuandikia namba hasi katika aljebra. Lakini gharama ya kuishi bila namba hasi inajulikana. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alilazimika kuigawa milinganyo yake katika aina sita, kila moja na njia yake, kwa kuwa kila kiasi kilichoandikwa kilipaswa kuwa chanya. Sisi tunaokubali hasi tunatumia umbo moja tu: ax² + bx + c = 0. Brahmagupta wa India alikuwa ameshatoa kanuni za hasi na chanya mwaka 628, akiziita deni na mali, na mdeni yeyote atakwambia kwamba kufutiwa deni ni kupata.

Basi walimu wasikifute ubaoni kwa huruma. Nawe uliyepata 4x − 5, usikilaani: tia 2 mahali pa x, uhesabu upya.